Gari Lililoinuka

Juzi niliona gari refu jeusi la zamani limelalia tumbo nje ya gereji, nikakumbuka lile ambalo Abba, baba yetu, aliazima ili ampeleke Akko, nyanya yetu, kumwona dada yake mgonjwa kule Merti. Nyonga ya Akko haikuweza tena kustahimili lori, na watu walilisifu gari hilo kwa ulaini wa mwendo wake.

Mchana wa safari nalo lilikuwa limelala nje ya gereji. Fundi aliliwasha Akko akiwa ameshaketi ndani. Likainuka polepole, nyuma kwanza kama ngamia, likinuka mafuta ya moto. Nilipiga makofi.

"Limepona!"

"Ngoja kwanza, msichana," fundi alisema. Alikandamiza boneti kwa mikono miwili, lakini haikubonyea hata kidogo. Sikujua kwamba gari linaweza kuinuka na bado liwe gumu kama jiwe. Akaingia chini yake, akatoka na vidole vilivyolowa mafuta.

"Pampu inalisukuma juu tu, mzee," alimwambia Abba. " Shokapu zinavuja, na yale matufe ya gesi yanayolifanya lidunde yamekufa. Hapa Isiolo hakuna mwenye nayo. Kwa ile barabara, afadhali punda."

"Punda ako na huruma," Akko alijibu kutoka kiti cha nyuma. Fundi alicheka peke yake.

Kisha Akko alifungua kibuyu cha maziwa aliyomwekea dada yake, yakinukia moshi, akanimiminia kikombe. Nilidhani amechagua kubaki nasi; sikuelewa kwamba alikuwa amekata tamaa ya kumwona dada yake. Nilikunywa yote, nikamwambia asante.