Vidole Vitatu na Kifaranga

Nilihamia Nyasubi kutoka Tabora mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mgane, sina mtoto, mali yangu ni utabibu niliorithi kwa baba. Chanzo chake ni tabibu mmoja wa Uajemi aliyekufa karne nyingi nyuma: vyakula vya moto na vya baridi, na mshipa wa mkono. Weka vidole vitatu, nyamaza, sikiliza. Bwana yule kaoza zamani, lakini vidole vyake vilikuwa bado kazini huku Kahama.

Shida ilikuwa wagonjwa. Hawaji! Wasukuma wa pale walikuwa na desturi yao: mgonjwa hubaki nyumbani, hutemea mate kifaranga, ndugu yake hukipeleka kwa mfumu, yaani mganga, akakipasua na kuusoma ugonjwa humo ndani. Basi na mimi wakaniletea vifaranga.

"Mgonjwa mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, anaumwa."

Jamani! Nishike mshipa wa kuku? Nikawafokea, wakaacha kuja. Nikawa nakula peke yangu, nazungumza na sufuria. Aliyebaki kunisalimu ni jirani yangu, mama mmoja mkulima wa pamba, na yeye pia nilishamfokea.

Masika yale nikaugua. Homa ikanilaza, chakula hakipiti. Nikajishika mshipa, nisipate jibu. Baba alinifundisha mbinu ya yule Mwajemi kwa maradhi yasiyoonekana: taja miji, kisha taja watu, mshipa ukishtuka ujue moyo uko hapo. Nikataja Tabora. Nikataja Ujiji, Mwanza. Haukushtuka. Kufika kwenye watu nikakwama, maana sikuwa na wa kumtaja. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa kufa nikaja kugunduliwa kwa harufu.

"Hodi!"

Nilijibu kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Jirani akaingia, kifaranga mkononi, khanga imelowa mvua. Akapiga magoti kando ya kitanda, akakisogeza kifaranga hadi mdomoni pangu.

"Tema mate, baba. Nakupelekea."

"Mama, mimi ni tabibu."

"Najua. Kifaranga hupelekwa na ndugu. Unaye mwingine?"

Vidole vyangu vilikuwa bado juu ya mshipa, nao ulikuwa unaruka.

Nikatema.