Maji Nyuma ya Jicho

Juzi, nikingoja zamu kwa daktari wa macho hapa Bujumbura, nilimsikia nyuma ya pazia lililoachwa wazi kidogo seremala mmoja wa mtaa wa Mutakura.

"Docteur, kila mulango natengeneza, naona inapinda."

Daktari alimwonyesha karatasi yenye miraba, akamziba jicho moja, kisha la pili. Jicho la kushoto liliona mistari imepinda. Akalimulika ndani kwa taa.

"Milango yako ni mizima. Kuna maji nyuma ya jicho, pale katikati. Mara nyingi inakauka yenyewe, mutu akilala vizuri. We unalala?"

"Masasi ya bunduki inalia usiku, docteur. Tunalala chini ya kitanda na watoto."

Usingizi hauuzwi famasi yoyote ya mji huu. Zamu yangu ilipofika, nilimkuta daktari mwenyewe ana macho mekundu.