Mke Mpya na Mifarishi ya Arlys

Corinne alipoolewa na Verlyn Hofstad alikuwa anakaribia miaka sitini, na hakutegemea kabisa kumwonea mtu wivu tena maishani mwake. Alikuwa ameshaachana na mume mmoja huko mjini Duluth, amelea watoto wakaondoka, amestaafu kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno. Verlyn alikuwa mgane. Walikutana kwenye chakula cha samaki cha kanisani, wakaoana msimu wa mavuno, Corinne akahamia nyumbani kwa mumewe, hapa mjini kwetu.

Tatizo likawa nyumba yenyewe. Marehemu Arlys, mke wa kwanza, alikuwa mshonaji wa mifarishi, yale mashuka mazito ya viraka yanayotiwa pamba katikati na kushonwa tabaka zote pamoja. Kila kitanda kilikuwa na mfarishi wake. Mmoja ulitandazwa kwenye kochi, mwingine ulitundikwa ukutani kwenye ngazi, na kabatini mlikuwa na mingine imekunjwa. Ilikuwa mizuri, nasema hivyo mimi ambaye nami nashona. Nyota alizoziunga kwa viraka zilikuwa na ncha kali kama za sindano, na rangi zilipangwa na mtu anayejua anachofanya. Mgeni akiingia, hata viatu hajavua, anasema, "Ah, huu si wa Arlys?" kisha anaupapasa. Corinne anabaki amesimama na birika la kahawa kama mpangaji.

Kwetu nilikozaliwa mtu angesema amekuta mke mwenza. Lakini mke mwenza aliye hai unaweza kununiana naye, unaweza hata kumpasha. Huyu alikuwa amelala makaburini nyuma ya kanisa, na hakuna aliyemkumbuka kwa baya.

Kilichomtoa Corinne kwenye uvumilivu ni kahawa. Jioni moja ya Oktoba walikuwa wamekaa kwenye kochi, yeye amejifunika miguu kwa mfarishi wa Arlys. Kikombe kikamponyoka. Verlyn aliruka kama kijana, akaunyakua mfarishi, akakimbia nao hadi kwenye sinki na kufungulia maji baridi. "Haijaingia sana," alisema kutoka jikoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeponea chupuchupu. Corinne alikuwa ameungua paja. Alikwenda bafuni, akajipaka dawa, akarudi kutazama televisheni. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Jumanne iliyofuata akatokea maktaba, kwenye chumba tunachokutana akina mama wa kushona.

Bernadine, mkubwa wetu na rafiki mkubwa wa Arlys, alimkaribisha kwa mikono miwili. "Umefanya vizuri kuja, mwenzangu. Umeshawahi kushona?"

"Hapana. Hata kifungo nampelekea fundi."

"Basi utaanza na nyota. Arlys naye alianza na nyota."

"Sitaki nyota," Corinne alisema, na mashine zikasimama chumba kizima. Alikuwa ameona kazi iliyokuwa mbele yangu: maumbo machache, vitambaa vya rangi moja visivyo na maua, na mahali pakubwa palipoachwa wazi. Mimi peke yangu pale ndiye niliyekuwa nashona mifarishi ya kisasa, na wenzangu walinivumilia kama watu wanavyomvumilia mgonjwa. "Nataka hivyo," alisema akininyooshea kidole.

Kwa hiyo akawa anakuja kwangu nikitoka kazini zahanati. Nilimpa karatasi ya miraba, penseli na rula. Nikamwambia kila kijiraba kimoja akihesabu kuwa inchi mbili za kitambaa, apime kitanda chake, kisha achore. Asiguse mkasi mpaka mchoro umtulie.

Mchoro wa kwanza alioleta ulinitia kizunguzungu. Palikuwa na pembetatu, miduara, mistari ya zigizaga na rangi zaidi ya kumi. Hapakuwa na mahali jicho lingeweza kupumua.

"Corinne, shoga, unashindana na nani humu?"

"Unamjua."

"Namjua. Na ukishindana naye kwenye uwanja wake, atakugaragaza."

Alikasirika, nikamwona anavyobana midomo. Lakini hakuondoka. Nikamwambia aache rangi kwanza, atafute kitu kimoja anachokiona kila siku na asichochoka kukiona. Kisha achague rangi tatu tu, na sehemu kubwa aiache wazi. Akishapata, ashone kipande kidogo cha majaribio, maana karatasi huwa haikwambii kama mkono wako utaweza.

Theluji ya kwanza ilipoanguka alirudi na karatasi imekunjwa kwenye mfuko wa koti. Safari hii ilikuwa karibu yote nyeupe. Upande mmoja, si katikati, palisimama vijiti vyeusi vyembamba, vingine virefu vingine vifupi. Chini kwenye kona palikuwa na mraba mmoja wa manjano ya haradali.

"Huo ni uzio wa shamba la jirani yetu Lindquist," alisema. "Nauona nikiosha vyombo. Na hiyo ni taa ya jikoni kwao. Ni ya kijinga?"

"Si ya kijinga. Ikate."

Kipande cha majaribio kilimtoa jasho. Vijiti vilipinda kama vimelewa. Alifumua, akashona tena, akafumua. Nilimwonyesha kupiga pasi kila mshono kabla ya kuunga mwingine, na kuacha upana uleule ukingoni kila mara. Nyumbani, Verlyn aliuona mchoro juu ya meza.

"Hii ni ramani ya maegesho?" alimuuliza.

Corinne alicheka, kisha roho ikamchoma. "Arlys ungemuuliza hivyo?"

"Arlys asingenionyesha. Alikuwa ananifukuza chumbani hadi amalize." Na Verlyn akatabasamu, si kwa mkewe aliyekuwa mbele yake. Kisha akaharibu zaidi. "Juu kuna sanduku zima la vitambaa vyake. Si uchukue? Uende dukani kufanya nini?"

"Hata uzi wake sitaki."

Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, alikuja Britta, binti wa Verlyn, na mumewe. Corinne alikuwa ameshaunga uso wote wa mfarishi na kuubandika kwa pini kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Alitaka uonekane, hilo alikiri. Britta alipokwenda kuweka makoti kitandani alikaa huko kidogo, kisha akarudi mezani.

"Mama asingeacha weupe mwingi namna ile," alisema. Hakusema kwa ubaya, alisema tu. "Angeona bado haujaisha."

"Mama yako angeona mengi," Corinne akajibu. "Ila hayupo."

Hakuna aliyegusa pai ya maboga. Britta alivaa koti bila kuaga vizuri, mumewe akamfuata na funguo za gari mkononi.

Asubuhi yake Verlyn alipotoka kwenda kusafisha njia ya kanisa, Corinne alizunguka nyumba nzima. Aliondoa mifarishi ya Arlys vitandani, kwenye kochi, ukutani, akaitia kwenye maboksi na kuyashusha kwenye chumba cha chini ya nyumba, karibu na tanuri la kupashia nyumba joto. Verlyn aliporudi alisimama sebuleni na buti zake zenye theluji, akilitazama kochi tupu.

"Umeitupa?"

"Iko chini. Mimi si mshenzi."

"Amekukosea nini, Cori?"

Ndipo akamwambia habari ya kahawa. "Niliungua, Verlyn. Ulikimbilia kitambaa. Hukuniuliza hata kama nimeumia."

Alimwonyesha. Kovu lilikuwa limebaki dogo, la waridi. Mzee yule alikaa kwenye mkono wa kochi.

"Sikuona," alisema. "Hilo ni kosa langu. Lakini sitakudanganya kwamba nimemsahau. Bado nampenda."

"Najua. Ndicho kinachoniuma."

"Na wewe nakupenda. Sijui nikuambieje uamini."

"Hata mimi sijui," Corinne akasema. Aliponisimulia haya alikuwa anafuta machozi kwa kipande cha kitambaa changu cha buluu, ghali, na nilimwacha. Hawakupatana siku hiyo wala kesho yake. Lakini juma lile Corinne alimpigia simu Britta akamwomba radhi kwa lile neno, na Britta akaja na gari kuchukua maboksi. Mfarishi mmoja Corinne aliuzuia, ule wa ngazini, akasema ukuta mtupu unamtisha. Nadhani aliona aibu.

Aliumaliza wake mwezi wa Machi. Alishona tabaka tatu kwa mistari ya kulala, mirefu, kama upepo unavyochora theluji. Tuliutundika kwenye maonyesho yetu ya maktaba. Bernadine aliusogelea, akavaa miwani.

"Mistari yako hapa imepinda."

"Najua."

"Kwa nini hukuujaza?"

"Sikutaka."

Bernadine aliutazama tena, akaenda kujimiminia kahawa. Riboni ya mshindi ilichukuliwa na mfarishi wa Bernadine mwenyewe, wa nyota. Nilimwona Corinne akiikodolea macho riboni ile wakati watu wanapiga makofi, na nikajua kijicho hakijamtoka, kimehama tu.

Usiku ule walijifunika mfarishi wake. Ulikuwa umerudi kidogo baada ya kufuliwa, maana hakufua kitambaa kabla ya kukata ingawa nilimwambia. Miguu ya Verlyn ilibaki nje. Alivaa tu soksi akalala, na Corinne alisema hilo lilimpendeza kuliko sifa.

Majira ya joto Britta alimpigia. Alikuwa anataka kushona kitu cha mtoto wake wa kwanza, kitu chepesi, akauliza kile kitambaa cha manjano Corinne alikipata duka gani na rangi yake inaitwaje. Corinne alikuwa amekinunua katika duka lililo karibu na zahanati yetu, nami nilikuwa naye, na jina la rangi alikuwa amelishika kama jina lake mwenyewe.

Akamwambia Britta amesahau.

"Nitamwambia," alinihakikishia baadaye, akichora mchoro mpya. "Si sasa. Acha kwanza nishone wa pili."