Gongo Lililopakwa Mawese

Mawese yakichemka jikoni kwangu, naliona lile gongo la kriketi likiwa jekundu mkononi mwa mwalimu. Alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa hapa mjini Muyinga, aliyewahi kuchezea timu ya taifa ya kwao. Mazoezini alivaa shati lake jeupe la timu ile, na hakuna aliyethubutu kuligusa.

Siku hiyo alikuwa anachagua watakaokwenda kushindana mjini Gitega. Jana yake aliniazima gongo lake mwenyewe. Mama, ambaye miaka yote tuliyoishi Tanzania alikuwa mtu wa jembe, akaliona limekauka, akalipaka mawese kama anavyopaka mpini mpya wa jembe.

Mwalimu alilinusa. Kuna mtu alishafukuzwa kwa kuliangusha tu.

"Nani alipaka hii kitu?"

"Mimi, baba," mama, aliyekuwa amenisindikiza, akamjibu. "Niliona aibu kukurudishia likiwa kavu vile. Lingepasuka."

Mshipa wa shingo ulimcheza. Akaushika mpini uliokuwa unateleza, akaufuta taratibu kwa shati lake lile jeupe, mpaka kifua kizima kikawa chekundu.

Kisha akanipa gongo. "We utaanza kule Gitega."