Paketi Walizobadilishana Nassoro na Anaclet

Nassoro alikuwa fundi cherehani huko Etterbeek, Brussels. Alikuwa mtu wa Buyenzi, Bujumbura, na alifika Ubelgiji wakati wa vita akiwa bado na nywele nyeusi. Kibanda chake cha kazi kilikaa kati ya duka la maua na dobi, na kazi yake kubwa ilikuwa kufupisha suruali za watu wa ofisi za Umoja wa Ulaya na kubadilisha zipu za makoti. Kisukari alikuwa nacho kwa miaka mingi. Alikuwa amekizoea kama mtu anavyomzoea jirani mwenye kelele.

Siku moja ya Machi mkewe, Rayhana, aliona soksi yake ya kulia imelowa damu. Alipoivua akakuta pini imezama kwenye unyayo, chini ya kidole gumba. Kutwa nzima Nassoro alikuwa amekanyaga pedali ya cherehani kwa mguu huo, asisikie kitu, maana kisukari kilikuwa kimeutia ganzi.

Kidonda hakikufunga. Aprili ikapita, Mei ikapita, nacho kikazidi kuchimbika. Hospitalini walimpa buti gumu la kumpunguzia uzito pale penye kidonda, wakamkataza pedali. Kisha daktari, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, akamuuliza kama angependa kuingia kwenye utafiti wa bandeji mpya. Akamwita muuguzi amweleze kwa lugha yake.

Muuguzi huyo aliitwa Sephora. Alizaliwa Goma na kukulia Brussels, na alikuwa na namna ya kukaa kitako mbele ya mgonjwa kana kwamba hana pengine pa kwenda.

"Papa Nassoro, sikiliza bien," alisema, akamwonyesha paketi ya karatasi ya fedha. "Ndani ya hii bandeji iko unga. Ni fuwele, sawa chumvi vile. Lakini hizi ziko na matundu ndani, madogo sana, sawa sega ya nyuki. Ndani ya matundu njo wamefungia gaz. Wakati unga iko mukavu, gaz inatulia tu. Kidonda iko na maji-maji. Maji ikiingia kwenye matundu, gaz inatoka, donc inafungua mishipa, damu inafika."

"Gesi gani hiyo? Ya kupikia?"

Sephora akacheka. "Hapana, papa! Mwili yako yenyewe inaitengenezaka. Sukari njo inaipunguza. Alors, usifungue paketi mbele ya wakati. Usiiweke jikoni kwenye mvuke, gaz yote itapotea. Na kitu ingine: bamoja wanapata unga yenye gaz, bengine wanapata yenye matundu matupu. Hata mimi sijui nani iko na gani. Hata docteur hajui."

Nassoro alifikiri kidogo, akakubali. Rayhana akazihifadhi paketi kabatini, kati ya mashuka, mbali kabisa na sufuria zake.

Kwenye chumba cha kusubiri ndipo alipokutana na Anaclet. Huyu alikuwa Mkongomani wa Uvira, mlinzi wa majengo ya ghorofa huko Berchem-Sainte-Agathe, mtu mrefu mwenye mzaha mwingi, naye pia mwenye kisukari na aliyeingia kwenye utafiti uleule; kidonda chake kilikuwa kisiginoni. Walipogundua kwamba Uvira na Bujumbura zinatazamana ng'ambo ya ziwa, wakawa kama watu waliokua mtaa mmoja. Kila wiki walikaa viti vya pamoja, wanaume wawili na mabuti yao makubwa, wakibishana juu ya samaki wa ziwa lao na namna ya kuwakaanga.

Kiangazi kilipofika kati, kidonda cha Nassoro kilikuwa kimeanza kufunga. Nyama nyekundu, safi, ilikuwa inaota kutoka pembeni. Yeye mwenyewe hakuwa na shaka yoyote.

"Nikiweka ile bandeji nasikia jotojoto," alimwambia mkewe. "Mimi nimepata ya gesi."

"Mguu uliokaa na pini kutwa, leo unasikia joto?" Rayhana akauliza, akaendelea kukunja nguo.

Anaclet hali yake ilikuwa nyingine. Kisigino kilikuwa cheusi ukingoni, na mzaha ulimpungua wiki hata wiki. Siku moja alitoka kwa daktari akakaa bila kuvaa koti.

"Wamesema kama haibadiliki, wataniona ba chirurgien, bale ba kupasua," alisema polepole. "Mimi yangu iko vide, matundu matupu, ndugu yangu. Niko naweka unga ya bure."

Nassoro alirudi nyumbani na neno hilo kifuani. Hakula vizuri. Kesho yake alimwambia Rayhana kwamba anataka kumpa Anaclet paketi zake.

"Na wewe utaweka nini, Baba Ibrahim?"

"Zake. Mimi changu karibu kinafunga. Yeye watamkata mguu."

Rayhana alifungua kabati, akazitoa paketi kati ya mashuka, akazifunga vizuri ndani ya mfuko mkavu.

Nassoro akapanda tramu mpaka Berchem. Euphrasie, mke wa Anaclet, alimkaribisha chai, na paketi zikawekwa mezani, zake upande huu na za Anaclet upande ule, zinafanana kama mapacha. Anaclet alizitazama, macho yakamjaa maji.

"Papa Nassoro, hapana. Hii ni muguu yako."

"Chukua, bwana. Ukipona utanikaangia samaki."

Wakabadilishana. Aliporudi kwenye tramu Nassoro alijisikia mwepesi. Lakini kufika Jumatano wepesi ule ulikuwa umekwisha. Alimfikiria Sephora, na jinsi alivyomwamini bila kumwekea mlinzi. Alimfikiria mgonjwa mwingine, asiyemjua, ambaye kesho atatibiwa kwa kufuata hesabu ambazo wao wawili wamezichafua. Akampigia Anaclet simu. Ikawa Anaclet naye hapati usingizi, na Euphrasie ameanza kumkemea.

Basi wiki hiyo waliingia pamoja kwa daktari, na Nassoro ndiye aliyesema yote. Sephora aliweka mkono mdomoni. Daktari hakupaza sauti. Alivua miwani, akaifuta, akawaambia kwa Kifaransa cha taratibu kwamba wote wawili sasa wametoka kwenye utafiti, na kwamba angependa wangekuja kwake kabla ya kubadilishana, si baada. Kisha akasema kwamba kwa usalama wa Bwana Anaclet, ataomba siri ya paketi ifunguliwe.

Jibu lilikuja siku iyo hiyo. Paketi za Anaclet ndizo zilizokuwa na gesi, tangu mwanzo. Za Nassoro zilikuwa matundu matupu.

Nassoro akamgeukia Sephora. "Kwa hiyo mimi ndiye nimemnyima dawa yake?"

"Papa, tulia," Sephora alisema. "Ni siku kidogo tu. Swali ni ingine. Kama alikuwa na gaz wakati yote ile, juu ya nini kisigino haiponi?"

Daktari alikuwa ameshaanza kujiuliza hilo. Alimpeleka Anaclet kupigwa picha za mishipa upya, na humo ikaonekana kwamba mshipa mkubwa nyuma ya goti ulikuwa umezidi kubana tangu alipopimwa mara ya kwanza. Gesi ya kwenye bandeji hufungua vijishipa vya karibu na kidonda, akaeleza, lakini haiwezi kuleta damu ambayo imezuiwa juu huko. Wiki iliyofuata waliupanua mshipa ule kwa kipira chembamba kilichopitishwa kutoka kwenye paja na kuvimbishwa humo ndani, na alipozinduka Anaclet aliuona mguu wake una rangi ya mguu.

Kisigino kilichukua miezi mingine kufunga. Cha Nassoro kilimaliza kabla ya majani kuanguka, kwa buti gumu, sukari iliyotulizwa, na mikono ya Rayhana iliyokisafisha bila kukosa. Rayhana hakumkumbusha habari ya jotojoto zaidi ya mara mbili.

Utafiti uliendelea bila wao. Nassoro alipomuuliza Sephora kama ule unga unafaa kweli, Sephora aliinua mabega.

"Bado, papa. Tunangoja. Bengine wanapona, bengine hapana. Mwaka kesho njo tutajua."

Siku hizi, Jumapili kusiponyesha, wanaume hao wawili hukutana Auderghem, pale msitu unapoanza, kwa sababu daktari amewaambia watembee. Anaclet bado anachechemea kidogo. Huenda hadi benchi la kwanza, wakakaa, wakavua viatu, na kila mmoja akamkagulia mwenzake nyayo, kwa sababu wao wenyewe hawawezi tena kusikia kinachowachoma. Wapita njia na mbwa wao huwatazama. Wao huendelea tu na kazi yao, kisha huvaa viatu na kwenda hadi benchi la pili.