Chai ya Chachu ya Mama Hadija

Siku yangu ya kwanza kazini Masasi, Bwana Afya Mkuu hakunipa kalamu, alinipa kipande cha sabuni. "Binti, mkaguzi mwenye kucha chafu anamkagua nani?" Nikanuna kimoyomoyo. Nimesoma chuo, leo nanawishwa kama mtoto wa chekechea! Nikanawa.

Nilipohamishiwa Newala wakaniita Mama Afya. Huko ndiko nilikoikuta chai ya chachu, hiyo ninyi vijana mnayoiita kombucha. Haina uchawi. Chemsha chai, tia sukari, iache ipoe kabisa. Imimine kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, pamoja na utando, ile ngozi nene ya chachu, na kikombe cha chai chachu ya zamani ili vijidudu vibaya visipate nafasi. Funika kwa kitambaa safi, ngoja wiki. Ukiona ukungu wenye manyoya, usiukwangue: mwaga vyote, na utando wake. Lakini Newala, ambako ndoo moja ya maji ni safari, kumwambia mtu "mwaga" ni kutangaza vita.

Vita vyangu vilikuwa na Mama Hadija, jirani aliyenipokea kama ndugu. Siku mbili kabla ya harusi ya Hadija nilimkuta amechachusha chai ya wageni kwenye dumu lililowahi kuwekwa dawa ya kupulizia mikorosho.

"Nimelisuuza mara tatu, Mama Afya!"

"Hata mara kumi! Sumu imeingia kwenye plastiki, na uchachu unaitoa."

"Maji haya nimeyabeba kichwani. Wageni wa Tandahimba watakunywa nini?"

"Watakunywa maji, watarudi kwao wazima."

Akasimama mbele ya dumu. Nikampita, nikaimwaga chai yote shimoni, mbali na bustani.

"Wewe si jirani," akasema. "Wewe ni askari."

Sikualikwa. Nilisikiliza vigelegele nikiwa ndani kwangu, nikalia, sifichi. Tangu hapo hakunisalimia tena, hadi nikastaafu.

Nimekaa nyumbani sasa, hapa hapa Newala, nina chupa zangu tatu dirishani. Juzi Hadija alibisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Naomba utando."

"Utauweka kwenye chombo gani?"

"Cha kioo. Kipya."

Nikamtazama. "Mama yako anajua umekuja kwangu?"

"Yeye ndiye aliyenituma. Kasema nisichukue kwa mtu mwingine."