Viatu vya Meneja

Fundi wa viatu vya katambuga akipitisha kisu kwenye tairi kuukuu, hutoka harufu ya mpira uliokaangwa na jua, nzito, inayokwama kooni. Wiki iliyopita niliikuta nje ya ofisi yangu nikasimama kama niliyeitwa. Wenzangu wakikumbuka utoto hunusa maandazi ya bibi zao. Mimi hunusa tairi, na ndani ya tairi hilo umo mguu wa punda unaooza. Ndio utoto niliopewa, msinilaumu.

Punda huyo alikuwa wa baba. Baba alikuwa mpima pamba katika shirika moja la umma, mpaka soko huria lilipoingia na shirika likaanza kupunguza watu. Yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Siku hizo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa kila kukicha. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukaachiwa mapanki: kichwa, mgongo na mkia. Mama aliyakaanga na kuyauza sokoni Kirumba. Baba akanunua punda na mkokoteni wa kuyabeba kutoka kiwandani hadi kwenye vichanja vya kukaushia, uani kwetu Pasiansi. Alitembea mbele ya punda, hatua kumi nzima, kalamu mbili mfukoni na tai shingoni, ili wapita njia wasije wakadhani wanafahamiana.

Mama ndiye aliyempa punda jina. Alimwita Meneja, kwa kuwa, alisema, nyumba hii imezoea kuwa na mtu wa ofisini. Baba hakucheka. Tangu alipopunguzwa kazini sikuwa nimemwona akicheka. Alikaa barazani na magazeti ya juzi, akidharau kila kilichopita: majirani, kuku wa majirani, waendesha mikokoteni wenzake ambao hakukubali kuwa ni wenzake. Nilikuwa na miaka kumi nikiamini kwamba dharau ni aina ya elimu, na kwamba baba yangu alikuwa na shahada yake.

Kisha Meneja akaanza kuchechemea. Kwanza mguu wa mbele wa kushoto, halafu wa kulia. Kwato zake zililainika, kingo zikamomonyoka, na chini yake kukawa na utope mweusi wenye harufu ambayo hata sisi, watu wa mapanki, tuliiona imezidi. Bila mkokoteni hakuna mapanki, bila mapanki mama hana cha kukaanga, na bila cha kukaanga tusingekula. Hilo hata mimi nililijua. Baba angelazimika kwenda kubeba makreti kiwandani, chini ya vijana aliowazidi umri na, kwa maoni yake, kila kitu kingine.

Akaitazama miguu ya punda kwa mbali, mikono nyuma, akatoa hukumu yake: uchafu. Nikapewa ndoo, brashi na sabuni ya unga. Kila jioni niliosha kwato nne mpaka zikang'aa, kisha Meneja akarudi kusimama palepale uani, kwenye matope yaliyotokana na maji ya kuoshea samaki. Mwezi mzima nikawa naosha na zenyewe zinaoza. Hakuna mtu katika nyumba ile ya wasomi aliyejiuliza chochote.

Osha-osha iliposhindwa, baba aligundua Ulaya. Ulaya, alitutangazia, hakuna farasi anayetembea peku. Akaenda kwa wauza vitu chakavu vya kwenye makontena akarudi na vyuma vinne vya kwato, vizito, vyenye kutu, vilivyowahi kumtosha farasi mwenye miguu mikubwa kama sufuria. Kwato za punda ni nyembamba, na kwato za Meneja zilikuwa karibu kwisha. Hilo halikumsumbua. Fundi wa kuchomelea mageti pale Kirumba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kugusa mguu wa kitu chenye uhai, alivikata, akavikunja, akavigongomelea kwa misumari. Nilishika kamba ya kichwa. Meneja alitetemeka kuanzia shingoni hadi mkiani, na baba akaniambia nisiwe mjinga, kwato ni kama kucha, hazina maumivu.

Kwa siku tatu tulikuwa watu wakubwa. Kwa-kwa-kwa, kwa-kwa-kwa, Meneja alisikika tangu kona ya barabara, na watoto walitoka mbio kumtazama. Baba alipunguza ule umbali wa hatua kumi zikawa nne. Siku ya nne, kwenye kilima chenye mawe, chuma kimoja kilibanduka na kipande cha ukwato kikiwa kimeng'ang'ania misumari. Meneja akasimama. Baba akamchapa. Nyuma yetu mtu mmoja akasema kwa sauti, "Punda afe, mzigo ufike," na watu wakacheka. Tuliuvuta mkokoteni wenyewe, baba, mama na mimi, tai ya baba ikining'inia kwenye mapanki.

Mnadhani alikoma? Wiki hiyohiyo alimleta fundi wa katambuga nyumbani. Meneja akashonewa viatu vinne vya tairi vyenye kamba, vimejazwa matambara ndani ili visimchubue. Mimi na wadogo zangu tulikuwa peku. Majirani walilisema hilo, wala hawakulisema kwa kunong'ona. Ndani ya viatu vile maji ya uani yaliingia na hayakutoka, na jua likayapasha. Nilipofungua kamba siku ya kwanza kuosha, kwato zilikuwa laini kama kiazi kilichoiva. Nikaosha. Nikafunga tena. Ndivyo nilivyoagizwa.

"Mdharau mwiba mguu huota tende," mama alimwambia baba. Baba akamjibu kwamba methali hazijawahi kuponya mnyama.

Sasa niwaeleze kuhusu Masanja. Alikuwa mwendesha mkokoteni, Msukuma aliyetoka vijijini huko ndani, mwenye punda wawili na kiatu cha rangi tofauti kila mguu. Alitafuna tumbaku. Alinuka punda. Baba alimwita "yule mshamba", nami nikamwita hivyohivyo, japo mbele yake nilitoa shikamoo yangu kama mtoto aliyelelewa. Mchana mmoja baba akiwa mjini na mama sokoni, Masanja aliingia uani bila kukaribishwa, kwa sababu alikuwa amemwona Meneja kutoka barabarani.

"Marahaba, mayu," aliitikia shikamoo yangu. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na yeye aliwaita hivyo hata wasichana wadogo. Aliinua mguu wa Meneja akauweka gotini pake, akafungua kamba za tairi, akanusa. Alinusa kweli, kwa pua. Nikageuka pembeni kwa kinyaa. Alitoa kisu kifupi akaanza kukwangua pale palipooza, polepole, na jambo la ajabu ni kwamba Meneja, aliyekuwa akimrushia mateke kila mtu, aliegemeza kichwa begani kwake.

"Nani anamwagia maji hapa?" aliuliza.

"Mimi. Namwosha kila siku. Kwa sabuni."

Alitema tumbaku. "Acha, mayu. Usimwoshe tena. Huyu hataki viatu, anataka pakavu. Mwage changarawe pale, asimame juu yake, apumzike, kwato zitaota mpya. Na zichongwe kila mwezi. Mwambie baba yako. Mimi nitakuja kuchonga, bure tu. Lakini umwambie leo, huu mguu hauna siku nyingi."

Nilimwambia baba siku ileile, wakati wa chakula cha jioni, mama akipakua ugali. Ila nilimwambia kwa namna yangu. Nilisimama katikati ya chumba, nikapandisha mguu wa kigoda gotini, nikaunusa kwa kelele. Nikatema tumbaku isiyokuwepo. Nikaburuta maneno kama Masanja alivyoyaburuta: huyu hataki viatu, mayu, anataka pakavu. Nikatembea kama mtu mwenye viatu viwili visivyojuana.

Baba alicheka. Alicheka mpaka akaweka tonge chini na kufuta machozi, na alipomaliza akaniomba nirudie, nami nikarudia, safari hii na mashavu yaliyojaa. Wadogo zangu waligaagaa chini. Mama peke yake hakucheka. Aliuliza, "Hivyo Masanja kasema nini hasa?" na baba akajibu, bado akicheka, "Kasema tumjengee punda nyumba ya changarawe." Ikaishia hapo. Siku iliyofuata niliosha kwato.

Baada ya siku kumi hivi Meneja alilala uani na hakuweza kuinuka tena. Baba alimtuma mtu amwite Masanja aje amwondolee ule uchafu, aupeleke anakojua. Masanja alikuja na wenzake wanne, wakampakia Meneja kwenye mkokoteni mkubwa. Kabla ya kuondoka alimvua vile viatu vya tairi akavipanga vizuri ukutani kwetu. Mwezi uliofuata baba alivaa mabuti ya mpira akaenda kubeba makreti ya samaki, na aliyempa amri kila asubuhi alikuwa kijana aliyewahi kumfagilia ofisi.

Karibu mwaka mmoja baadaye nilikuwa natoka shule nikakutana na Masanja kwenye kile kilima. Alikuwa na punda watatu. Wa mbele alikuwa Meneja, mzima, peku, kwato zimeota mpya, akipanda juu ya mawe bila kuyatazama. Masanja alimsimamisha.

"Mayu," alisema, "siku ile ulimwambia baba?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Alicheka."

Masanja alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemsikitikia mtoto kwa baba aliyepewa. "Basi, mayu," alisema. "Wewe si ulisema." Akanipa muwa.

Nimesimulia habari za baba yangu hivi kwa miaka mingi, kwenye harusi, kwenye misiba, ofisini, na watu hucheka kila mara, maana mimi ni hodari wa kuigiza. Tai ikining'inia kwenye mapanki ndiyo wanayoipenda zaidi. Ile sehemu ya kigoda huwa siisemi. Baba hakuwahi kuusikia ushauri wa Masanja. Alichosikia ni kichekesho, na aliyekitunga alijua mguu hauna siku nyingi kwa sababu aliambiwa yeye, kwa upole, na mtu aliyemwita mama. Nilikula ule muwa wote njiani, nikafika nyumbani mikono inanata, na baba, aliyekuwa anavua mabuti mlangoni, aliniuliza nani amenipa. Nikasema, yule mshamba.